Jibu Langu Mlangoni pa Kanisa Kuu

Mama alikataa kwenda Uingereza mara tatu. Mara ya kwanza alisema ng'ombe wake hakubali kukamwa na mtu mwingine. Mara ya pili akasingizia goti. Mara ya tatu dada yangu, ambaye ni nesi huko na ndiye aliyekuwa anatualika, alilia kwenye simu, na hapo mama akasema lililokuwa moyoni. "Nitawalemea," alisema. "Mzee safarini ni mzigo, na mizigo mtakuwa nayo ya kutosha."

Nilimwambia asiseme hivyo. Nilimwambia ikibidi nitambeba mimi mwenyewe. Maneno kama hayo ni rahisi ukiwa sebuleni kwako Chepseon, umekunja nne, kikombe cha chai kiko mezani.

Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume. Kwetu Wakikuyu kijana wa pili hupewa jina la baba yake mama, kwa hiyo mama hajawahi kuniita kwa jina langu. Huniita baba. Nilipokuwa na miaka minne, kamasi zikinitiririka, aliniita baba. Leo mimi ni naibu wa mwalimu mkuu, nina kitambi na miwani na wanafunzi wananiogopa, na bado ananiita baba mbele yao. Sikuwahi kuona ubaya wa jina hilo. Ni tangu safari ile tu ndipo limeanza kunichoma.

Tulisafiri watatu: mama, mimi, na binti yangu wa miaka kumi na minne. Mke wangu alibaki kuangalia duka letu na yule ng'ombe asiyekubali watu. Alimkubali siku ya pili.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa sanduku. Nilikuwa nimemnunulia mama sanduku jipya la buluu pale Kericho mjini, lenye magurudumu, la zipu. Asubuhi ya safari nikalikuta limefungwa kwa mukwa. Mukwa ni mkanda wa ngozi ambao wanawake wetu hubebea mizigo: unauzungusha mzigo, mzigo unakaa mgongoni, mkanda unapita juu ya paji la uso, na kazi yote inafanywa na shingo. Wanawake wa rika la mama wana alama yake, kibonde kinachokata paji la uso kutoka upande hadi upande. Mama hukifunika kwa kilemba akienda kanisani.

"Mami," nilimwambia, "ng'ambo watu hawafungi sanduku na mukwa."

"Na hiyo zipu ikifunguka huko juu, nguo zangu nitaokota wapi?"

Binti yangu alicheka sana, nami nikashindwa. Nilijiambia ni kitu kidogo, hakuna atakayekiona.

Mukwa ule ulikuwa umebeba kuni, majani ya ng'ombe, na kabichi za kupeleka sokoni. Ulibeba sanduku langu la bati siku niliyoingia kidato cha kwanza, kutoka barabara ya lami hadi lango la shule, na ni mwendo. Siku hiyo sikuona haya hata kidogo. Nilitembea nyuma yake nikila ndizi. Mama za wenzangu walikuwa wamebeba vilevile, Wakikuyu kwa Wakipsigis, hawa mgongoni, wale kichwani, na aliyeonekana wa ajabu ni mvulana mmoja aliyeletwa kwa gari.

Tulikaa kwa dada yangu wiki tatu, na sitazieleza kwa sababu zilikuwa za raha. Mama alimlea mjukuu mchanga, akamfundisha dada kupika irio upya, akashangaa jinsi jua linavyochelewa kutua. Siku mbili za mwisho dada alikuwa na zamu hospitalini, hivyo akatuandalia chumba cha wageni katika mji mmoja wa zamani, wa mawe, wenye kanisa kuu ambalo watu hutoka mbali kuja kuliona. Tungelala hapo usiku mmoja, tuone kanisa asubuhi, halafu saa nane mchana tupande basi la kwenda uwanja wa ndege.

Mimi ndiye niliyelitaka kanisa hilo. Nilikuwa nimeshawaambia walimu wenzangu. Nilikuwa nimemwahidi mchungaji wetu picha za kuwaonyesha waumini. Nilikuwa nimeweka kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp kwamba wasubiri. Tuseme ukweli, nilikuwa nasafiri ili nionekane nimesafiri.

Saa nne asubuhi mwenye nyumba alitutaka tutoke. Nilimwomba atuhifadhie masanduku mpaka saa saba. Alisema samahani sana, hana nafasi, na akasema kwa upole mpaka nikajikuta namshukuru. Watu wa huko wanaweza kukunyima kitu ukaondoka umeinama. Basi tukatoka kwenda kutalii na mizigo yetu yote: sanduku langu, la binti yangu, la mama, mkoba wa kamera, na mfuko wa mikate ya kula njiani.

La mama ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na nilijua kwa nini. Dada yangu hutupa chupa za jemu zikiisha. Mama aliona hilo siku ya kwanza na hakulala vizuri. Chupa nzima, ya kioo, yenye kifuniko chake? Kwa wiki tatu alizifua na kuzikausha dirishani, akaenda mpaka kwa jirani wa dada, mama mmoja Mzungu wasiyeelewana lugha, akarudi na nyingine sita na mkebe wa biskuti. Zote zilikuwa ndani ya lile sanduku la buluu, zimefungwa kwa sweta. Zilikuwa za akina mama wa chama chake, za kuwekea asali na mafuta ya kupikia.

Barabara za mji ule zimetandikwa mawe ya mviringo, mengine yametokeza, mengine yamezama. Nilikuwa nalivuta sanduku la mama kwa mkono mmoja na langu kwa mwingine, chupa zikigongana ndani, watu wakigeuka kuangalia ni nini kinacholia. Hatujafika mbali gurudumu likang'oka. Lilibiringika likaingia kwenye mfereji, na nilipovuta tena la pili likavunjika.

Nilisimama katikati ya njia nikampigia mama kelele. Sikutukana, mimi si mtu wa matusi, lakini niliongea na mama yangu kwa sauti ninayotumia kwa watoto wa kidato cha pili waliochelewa. Nilimwambia chupa Kenya ziko. Nilimwambia kila siku ni kuokotaokota. Nilimwambia tutachelewa kuona kanisa kwa sababu ya takataka za watu.

Mama aliangalia sanduku, akaangalia njia inavyopanda kilima kuelekea kanisani, halafu akaanza kufungua mukwa.

"Mami, unafanya nini?"

"Hii ni mzigo kidogo," alisema. "Wewe piga picha zako."

Alimwambia binti yangu alisimamishe sanduku juu ya ukuta mfupi uliokuwa hapo kando. Akalizungusha mkanda, akaligeuzia mgongo, akavua kilemba akakikunja mara nne na kukiweka kwenye paji la uso pale kwenye kibonde, akapitisha mukwa juu yake. Kisha akainama kidogo na kuinuka, na sanduku likainuka naye. Goti lile la kusingizia halikusema lolote. Akaanza kupanda kilima akiwa ameshika mkanda kwa mikono miwili karibu na masikio, na kwa mara ya kwanza tangu tushuke kwenye ndege nilimwona anatembea haraka kuliko sisi.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kuwa mtu ambaye sikumjua. Watu walisimama. Kijana mmoja alitoa simu akapiga picha, mama akamtabasamia. Watoto wa shule waliokuwa wamepangwa mistari walimwonyesha kwa vidole mpaka mwalimu wao akawakanya. Kilemba hakikuwa kichwani, nywele zake nyeupe zilikuwa nje, na lile koti alilopewa na dada lilikuwa limepanda mgongoni. Nilijiona kwa macho yao, na nikaona Afrika yote ya kwenye vitabu vyao inapanda kilima mbele yangu, na mimi na tai yangu na kamera yangu nimo ndani yake. Niliona aibu. Nasema nilivyoona. Niliona aibu ya mama yangu mpaka masikio yakapata moto.

Nikaongeza mwendo. Nilimpita, nikawa mbele hatua tano, halafu kumi, halafu nikafika mbali hata mtu asingeweza kujua kwamba tuko pamoja. Binti yangu alibaki pembeni mwa nyanya yake. Nilimsikia akimuuliza, "Shosho, si nikusaidie?" na mama akimwambia aangalie mawe, asiteguke mguu.

Mlangoni pa kanisa kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu, mmoja wa wale wanaojitolea kupokea wageni, amevaa utepe begani. Kando yake alisimama mwanamke wa makamo mwenye koti jekundu, naye alikuwa anamwangalia mama akipanda zile ngazi za mwisho. Uso wake ulikuwa na hasira. Mzee aliniuliza kwa adabu kama yule mama yuko pamoja nami. Kabla sijajibu, mwanamke akadakia. Alitaka kujua ni vipi nimemwachia mwanamke wa umri ule abebe mzigo wote ule, mimi mwanamume mzima nimeshika kamera.

Ulimi hauna mfupa. Ningeweza kusema ni mama yangu, amekataa kusaidiwa, hamumjui. Ingekuwa kweli na ingeisha hapo. Lakini niliona nikisema ni mama yangu nitakuwa ndiye mwana aliyemfanya mama yake punda mbele ya kanisa la Mungu. Nikatafuta njia ya kutoka, na ile niliyoipata ni ya kwetu.

"Oh, no," nilisema. "She's our help."

Kwetu, watu waliosoma wakimwita mtu aliyebeba mzigo "help" hawamaanishi kingine ila mfanyakazi wa nyumbani. Ni neno lenye heshima zaidi kidogo kuliko yale mengine. Na kwetu jibu hilo lingetosha kabisa. Ukiwa Kericho au Nakuru, mtu akikuuliza kwa nini huyo amebeba mzigo, ukasema ni mfanyakazi wangu, atasema "aah" na maswali yataisha. Nilikuwa nimesahau niko wapi. Uso wa yule mwanamke haukutulia hata kidogo. Aliniangalia kuanzia viatu hadi miwani, kisha akageuka akaenda zake bila kusema neno, na mpaka leo naweza kuchora kisigino cha kiatu chake.

Nilipogeuka, mama na binti yangu walikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Binti yangu alikuwa ameganda. Anajua Kiingereza kuliko mimi. Mama alikuwa anahema, jasho limemtoka, anatabasamu.

Yule mzee wa utepe aliteremka ngazi mwenyewe, akamsaidia mama kutua sanduku, akalibeba kwa shida mpaka chumba kidogo cha nyuma. Alimletea mama kiti na maji kwenye glasi. Mimi hakuniambia lolote zaidi ya kunionyesha pa kuweka masanduku yangu.

Kanisa lenyewe sina la kueleza. Lilikuwa kubwa, dari yake iko mbali, madirisha yana rangi. Nilipiga picha nyingi na hakuna hata moja yenye mtu. Ninachokumbuka ni mama na sakafu. Aliuliza haya maandishi chini ni ya nini, na binti yangu akamwambia ni makaburi, watu wamezikwa humo ndani. Mama alisimama pale pale. Kwake kaburi halikanyagwi, liwe la nani. Kuanzia hapo alitembea kwa kuruka, akitafuta jiwe lisilo na jina, anaomba radhi kimoyomoyo akikosea, na binti yangu akiruka naye, wameshikana mikono, mpaka wakafika madhabahuni wakicheka kwa kujizuia. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya askofu fulani. Nilitaka kwenda kujiunga nao. Binti yangu aliniona nikisogea, akamgeuza shosho wake upande mwingine.

Tulipotoka, yule mzee alitukabidhi mizigo. Alimshika mama mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia polepole, kwa sauti ya mtu anayetaka kueleweka, kwamba kazi yake ni nzito mno na anatumaini anatendewa haki.

"Amesema nini?" mama aliniuliza.

"Anakutakia safari njema," nilisema.

Mama akamwinamia yule mzee akamshukuru kwa Kikuyu, ndiyo lugha yake ya kushukuru. Binti yangu aliangalia viatu vyake.

Kutoka pale hadi kituo cha mabasi si mbali, ni kuteremka. Nilisema nitalibeba mimi. Nililiinua begani, chupa zikahama upande mmoja, hatua thelathini nikalitua. Mukwa ulikuwepo, umelala juu ya sanduku, na shingo ninayo. Lakini mwanamume wa Kikuyu hashiki mukwa. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni jambo linalojulikana tu: mwanamume hubeba begani au hubebewa. Nilisimama pale nikiutazama ule mkanda kilomita elfu ngapi kutoka kwa mtu yeyote wa kunicheka, na sikuweza kuugusa.

"Nipe mimi," binti yangu alisema.

Huyu ni mtoto ambaye nyumbani hukataa kubeba hata unga wa posho kutoka kwa kinu, eti wavulana watamwona. Mama alikaribia akamwekea kilemba vizuri, akasogeza mkanda juu kidogo ya nyusi, akamwonyesha mahali pa kushika. "Usiangalie chini. Angalia pale unaenda." Walibadilishana hivyo mpaka kituoni, mara huyu, mara yule. Nilifuata nyuma na masanduku mawili yenye magurudumu mazima.

Kituoni mama alienda chooni. Binti yangu alikaa karibu nami kwenye benchi, anasugua paji la uso, lilikuwa jekundu.

"Utamwambia?" aliniuliza.

"Nimwambie nini?"

"Dad. Unajua."

Nilimwambia ni mambo ya watu wazima, kwamba yule mwanamke alinichanganya, kwamba neno lenyewe lina maana nyingi. Mwalimu hakosi maelezo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi sitamwambia," alisema. "Hiyo ni yako."

Basi lilipoondoka, mama alikaa dirishani, mimi kando yake. Tulipita mashamba ya kijani na kondoo. Nilikuwa nimeshapanga la kusema. Ningeanza na zile kelele za kwenye mawe, niombe msamaha kwa hizo kwanza, halafu niingie kwa lile lingine polepole. Nilisema, "Mami."

"Baba," alisema yeye, na kuniwahi, "nilikusikia pale mlangoni."

Nilikaza macho kwenye kondoo wa nje.

"Kizungu sijui, lakini hilo moja najua. Help. Vijana wanaimba kanisani, God is our help. Nikauliza pasta siku moja, akaniambia ni msaada." Aliweka mkono wake juu ya goti langu. "Mimi tangu nyumbani nilikuwa nasema ninawalemea. Hata asubuhi, uliponikaripia kwa chupa, nikasema ndio hii, ni vile nilijua. Halafu nakuja nakusikia unaambia wazungu mimi ni msaada wenu. Mbele ya kanisa." Akanipapasa goti. "Asante, baba."

Viti viwili mbele yetu binti yangu alikuwa amegeuka, kidevu juu ya kiti, ananitazama.

"Haya, mami," nilisema.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilivuka bahari ikafika Chepseon. Siku zilipita na nikazidi kujipa sababu. Kumwambia sasa ni kumwumiza bure. Amefurahi, kwa nini nimharibie? Kila Jumamosi nilipopitia kwake kumpelekea sukari na majani ya chai nilikuwa na maneno tayari mdomoni, na kila Jumamosi nilimkuta na mgeni mwingine akimhadithia habari ya mlangoni. Alikuwa ameiongezea kidogo. Wazungu walikuwa wamekuwa wengi. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono nikamwonyesha. Akina mama wa chama walipokea chupa zao za jemu na hadithi hiyo pamoja, na wakinikuta njiani walinisalimu kwa namna mpya, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Halafu ikafika Jumapili ya shukrani, wale waliotoka safari wanapoitwa mbele. Kanisa letu lina watu wa kila aina, Wakikuyu wenye maduka, Wakipsigis wenye majani chai na ng'ombe, na ibada ni ya Kiswahili ili kila mtu apate kuelewa. Mchungaji wetu ni mtu wa kutoka upande wa Siongiroi, mpole. "Pwana asifiwe," alisema kwa lafudhi yake ya Kikipsigis, na akamwita mama.

Mama alivaa lile koti la dada ingawa kulikuwa na jua. Alishika maikrofoni karibu mno na mdomo.

"Mimi niliogopa kwenda," alisema. "Nilisema mtu mzee ni mzigo. Lakini Mungu si Athumani. Huyu baba yangu, mnamwona pale na tai, alisimama kwa mlango ya kanisa kubwa ya wazungu, na mimi nimebeba sanduku na mukwa, nywele nje, natoka jasho. Mwingine angeona haya." Watu wakacheka. "Yeye hakuona haya. Wazungu walimuuliza huyu ni nani, na akawaambia kwa Kizungu."

Vigelegele vilipigwa. Mke wangu, ambaye hakujua lolote, alinigusa mkono kwa fahari. Binti yangu alikuwa kwenye kwaya, safu ya mbele, na joho lake la zambarau.

"Baba, kuja," mama alisema. "Kuja useme vile ulisema. Sema na Kizungu, hawa watoto wasikie vile mtu anaongea juu ya mama yake."

Nilitembea hadi mbele. Si mbali, viti kumi na viwili hivi. Mama alinipa maikrofoni na kusimama kando yangu, mikono ameikunja mbele, kichwa ameinua. Hakuwa amefunga kilemba siku hiyo, na kibonde kilionekana na kila mtu.

Nilikuwa na nafasi. Hakuna aliyekuwa ananilazimisha chochote. Ningeweza kusema jambo lilivyokuwa, nikamwomba msamaha pale pale, na naamini watu wale wangenisamehe, wamenisamehe makubwa zaidi. Ningeweza hata kusema kwa Kiingereza maneno ambayo nilipaswa kuyasema kule, matatu tu, huyu ni mama yangu, na hakuna ambaye angejua ni kwa nini nimeyabadilisha isipokuwa mtoto mmoja. Niliangalia kwaya. Alikuwa anasubiri. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo, kama anayetaka kunisaidia kuanza.

"She's our help," nilisema.

Kanisa lote likasema amina, kama linavyoitikia ule wimbo wa vijana. Mama alipiga makofi kuliko wote. Binti yangu alifungua kitabu chake cha nyimbo akainamisha uso, nami nikamrudishia mchungaji maikrofoni.